Profesa Aliposema Ana Hakika

Profesa hakuipenda maiki. Naanza na hilo kwa sababu mimi ndiye niliyemwekea maiki mdomoni kila alipokuja kutoa mhadhara hapa Masumbwe, na kila mara aliitazama kama mtu aliyepewa kijiko kichafu. Biashara yangu ni spika. Harusi, misiba, kampeni, mikesha ya walokole, ukiniita nakuja na jenereta, spika zangu kubwa na mwanangu Shija wa kubeba. Nimewapazia sauti watu wengi sana, na huyu peke yake ndiye aliyekuwa ananiomba niipunguze.

"Mama Shija, teremsha kidogo. Wakitaka kusikia watasogea."

"Profesa, karasha la kusaga mawe linanguruma pale tangu asubuhi. Ukiteremsha, utawahubiria mbuzi."

Anacheka, lakini anateremsha mwenyewe kwa kidole. Akigeuka, mimi napandisha. Tuliishi hivyo miaka.

Jina lake analo, na la ukoo pia, lakini hapa hakuna aliyelitumia. Alikuwa Profesa basi, kama vile mganga mkuu wa zahanati ni Daktari hata siku akivaa kandambili. Alifundisha chuo kikuu mambo ya miamba na maji yaliyo chini ya ardhi, akastaafu, na badala ya kukaa kwake afuge kuku wa kisasa kama wenzake, akazuka na hili la mihadhara. Alisema maprofesa wanazungumza wao kwa wao tu, kwenye kumbi zenye viyoyozi, halafu wanapeana mikono na kwenda kula. Yeye alitaka wazungumze siku ya gulio, uwanjani, muuza nyanya asikie.

Akawaleta kweli. Alikuja mama mmoja profesa wa sheria, akazungumzia ardhi na mirathi, wanawake wakamzuia kuondoka mpaka jua likazama. Alikuja wa magonjwa ya ng'ombe. Alikuja wa nyota, na wazee wafugaji, ambao wamelala porini na mifugo tangu utoto, wakambishia kwa Kisukuma mpaka akaomba mkalimani na maji ya kunywa. Alikuja wa uchumi, amevaa tai, akatoa karatasi zake na kuanza kusoma. Profesa aliinuka taratibu, akazichukua zile karatasi mkononi mwa mwenzake, akazikunja na kuzitia mfukoni mwake mwenyewe. Yule bwana akaanza kueleza kwa nini bei ya mpunga huanguka wakati wa mavuno, kwa maneno ya kawaida, na watu waliacha hata kununua vitu wakamsikiliza.

Alikuwa na masharti. Mtu asitajiwe shahada zake. Mtu asianze kwa kusema "kama mnavyojua", maana wangejua wasingekuja. Na kabla ya mhadhara, profesa mgeni lazima aje kwangu ale michembe na maziwa, viazi vyetu vilivyokaushwa, hata kama meno yake ni ya kubandika. "Ukishindwa kutafuna kwao, hutaweza kuongea nao," alisema. Huyu wa uchumi alitafuna nusu saa nzima huku machozi yanamlenga.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali kwa wenzake kuliko ilivyostahili. Nilishamwona akimgombeza profesa mwenye mvi kama mtoto wa darasa la kwanza kwa sababu ya kuchelewa, na yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa amechelewa zaidi. Hakuwa na subira na walimu, wala wanasiasa, wala mapadri. Lakini mlevi mmoja wa pale sokoni kila gulio alimuuliza swali lilelile, kwamba kama dunia inazunguka mbona sisi hatudondoki, na Profesa kila gulio alimjibu upya, kwa mfano mpya, leo kwa ndoo ya maji, kesho kwa kamba ya ng'ombe. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema yule peke yake ndiye anayerudi na swali.

Tena alikuwa na ugonjwa wa kusema "sijui". Mtu anamuuliza mvua mwaka huu itakuwaje, anajibu, "Sijui." Kisima hiki kitakauka? "Sijui, mpaka nikipime." Alilisema kwa furaha, kama anakukaribisha ndani. Mimi nililizoea, lakini uwanjani watu walitazamana. Profesa gani hajui? Kama hajui yeye, atajua nani? Polepole wakapata jibu lao: anajua, ila anaficha.

Hapo inabidi nieleze namna watu wa huku tunavyosikiliza. Ukanda huu wa dhahabu umetufunza jambo moja baya. Panapozungushiwa uzio, ndani kuna mali. Panapowekwa kibao cha hatari, ndipo penyewe. Yale mawe ya mabaki ya migodini, magwangala, watu walikatazwa kuyagusa, na waliojipenyeza wakayaokota ndio waliojenga nyumba za bati. Kwa hiyo mchimbaji akikatazwa na mtu mkubwa, hasikii katazo. Anasikia ameonyeshwa mahali. Na mkatazaji akiwa msomi, ndiyo kabisa.

Nyuma ya josho la ng'ombe kuna kilima. Kilikuwa na maduara machache, mashimo ya kienyeji ya wachimbaji, mengine ya zamani yaliyotelekezwa. Profesa alikipanda siku nzima na nyundo yake, akashuka kimya, amechubuka magoti. Kwenye mhadhara uliofuata hakuleta mgeni, alisimama yeye.

"Kilima kile ndani ni kitupu," alisema. "Kimetobolewa tangu zamani, na jiwe la juu limepasuka. Mvua zikishika, kitashuka. Naomba mtu yeyote asichimbe pale."

Mtu akauliza kutoka nyuma, "Profesa, dhahabu ipo au haipo?"

"Sijui. Sikwenda kutafuta dhahabu."

Nilikuwa nimekaa kwenye jenereta langu. Niliusikia mnong'ono ukipita uwanjani. Gulio lililofuata kilima chote kilikuwa kimevikwa maturubai, watu wametoka mpaka Kahama na Geita. Sisi tunaita rashi. Mama ntilie wamefika, wauza simu wamefika, mhubiri amefika. Na Shija naye akaniacha na spika zangu, akaenda.

Nilimfuata. Nilimkuta kwenye mdomo wa duara, kajifunga kamba kiunoni.

"Hukumsikia Profesa?"

"Nilimsikia, mama. Mtu anapanda kilima na nyundo siku nzima kutafuta nini?"

"Nyufa."

"Hivyo ndivyo alivyokuambia wewe."

Alinijibu kwa upole, na ule upole ndio ulionikata maini. Hakuwa mkaidi. Alikuwa na uhakika kwamba mimi ndiye nimedanganywa.

Serikali ya kijiji ikaweka kibao cha kukataza. Watu wakaongezeka. Profesa alirudi, akapanda jukwaani akaomba tena, mpaka sauti ikakwaruza, na mara hii aliniacha nipandishe spika mpaka mwisho. Wakaongezeka tena. Alikuwa ameanza kuelewa. Jioni alikuja kwangu, akakaa na bakuli la michembe mapajani bila kula. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa.

"Kila nikisema, wanaongezeka," alisema. "Sijawahi kuona kitu kama hiki."

Mimi nilikuwa nimeshafikiri vya kutosha. Nilimwambia, "Profesa, waambie iko kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Popote. Tambarare. Ng'ambo ya majaruba ya mpunga, pale hakuna kilima cha kumwangukia mtu."

"Unaniomba niseme uongo kwenye mhadhara."

"Nakuomba mwanangu."

"Nimefukuza watu chuo kikuu kwa kosa dogo kuliko hilo, Mama Shija."

"Mimi sijafukuza mtu. Mimi nina Shija."

Sikulia. Watu hudhani nililia, hapana, nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia na elimu yake yote, nikaona ni ubahili tu, mtu ana neno moja la kuokoa watu na hataki kulitoa kwa sababu litamchafua. Nikamwambia hivyo hivyo. Akaweka bakuli chini, akaniuliza udongo wa kule ng'ambo uko vipi, ni wa mfinyanzi, maji ya visima yapo karibu kiasi gani. Akawa anapanga. Mwamba wenye dhahabu haupo kabisa upande ule, alisema. Watachimba kidogo, watakutana na maji, watachoka, watarudi makwao, na mvua itakuwa imeshamalizana na kilima. Aliupanga ule uongo kwa uangalifu, kama anavyopanga mhadhara.

Siku ya gulio uwanja ulifurika. Alisimama, na mara ya kwanza hakuniomba nipunguze sauti.

"Mlisema ninaficha," alianza. "Ni kweli, nilikuwa naficha."

Uwanja mzima ulinyamaza. Hata karasha, nadhani, walilizima.

"Kilimani mnapoteza nguvu. Dhahabu iko ng'ambo ya majaruba, chini ya ule udongo mweusi."

Kulikuwa na mchimbaji mmoja pale mbele, Deus. Mtu wa Chato, alikuwa mvuvi, akaacha nyavu akaja huku. Hakukosa mhadhara, wa nyota, wa ng'ombe, wa sheria, yote alikaa kwenye mchanga pale mbele na miguu ameikunja. Akanyoosha mkono.

"Profesa, shikamoo. Siku zote wewe hutuambia hujui. Leo una hakika?"

Nilikuwa karibu na Profesa, mkono wangu uko kwenye kitufe cha sauti.

"Nina hakika," akasema.

Deus akashusha mkono, akatabasamu, akainuka na kupangusa suruali. Wote wakainuka. Sijawahi kuona uwanja ukikauka haraka vile. Kufikia jioni maturubai yalikuwa yanashuka kilimani, watu wamejitwika makoleo na masufuria, wanavuka majaruba kwa mstari. Shija alikuwemo.

Mvua zikashika. Kilima kilishuka asubuhi, kwa sauti iliyotufanya tutoke majumbani tukidhani ni gari la mafuta limelipuka barabarani. Kilijikunja chenyewe kwa ndani. Hakukuwa na mtu chini yake. Nilikwenda mpaka majarubani mbio, bila viatu, nikamkuta Shija amejaa tope, nikampiga kofi kisha nikamkumbatia. Nasema wazi, kama ningerudishwa siku ile ningemwomba Profesa tena neno lilelile.

Lakini yeye hakutoa mhadhara mwingine. Mwanzoni tulidhani anapumzika. Watu walimsifu, walisema kweli yule ni bingwa, alijua kilima kitaanguka na akajua dhahabu iko wapi. Walimfuata mpaka alikofikia kulala, mmoja na kipande cha jiwe, mwingine na ramani ya shamba la baba yake, mwingine na jogoo, wanataka aelekeze kidole tu. Mama wa sheria alinipigia simu akitaka kujua lini atakuja tena kuzungumza, nilimpigia Profesa, akanijibu, "Waambie hakuna mihadhara." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Watamwamini yeyote nitakayemleta. Ndilo tatizo." Akakata. Yule mlevi wetu alikuwa akija uwanjani siku za gulio, anasimama, anasubiri, anaondoka.

Kule ng'ambo mambo yalikwenda kama Profesa alivyopanga, karibu yote. Walichimba, wakakutana na maji, wakatukana, wakaondoka. Shija alirudi kwenye spika. Ila Deus hakuondoka. Wenzake walipomwambia hapa hakuna kitu, aliwajibu kwamba mtu ambaye husema "sijui" kila siku, siku akisema ana hakika, unachimba. Akaazima pampu, akayavuta maji, akaendelea kushuka peke yake kwenye ule udongo mweusi ambao ukilowa haujishiki. Ukuta ulimfukia. Walimtoa siku ya pili. Wadogo zake wawili walikuja na basi kutoka Chato, wakamzika hapahapa, matanga yakaisha. Kisha wakaiwasha ile pampu.

Mimi niliyajua haya na sikumpigia Profesa simu. Ningemwambia nini?

Nilimwona tena mwaka huu, Isaka. Nilikuwa nimekwenda na Shija kupokea spika mpya zilizokuja na lori kutoka Dar. Pale penye malori yanayosubiri mizigo ya Rwanda na Burundi, kwenye kibanda cha chai, nikaona mtu mwembamba amekaa na begi dogo miguuni. Nilimpita, nikarudi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, Mama Shija. Hujambo? Shija naye?" Akamtazama mwanangu kwa muda, akampa mkono, akaushikilia mkono ule kuliko kawaida.

Tulikunywa chai. Alikuwa ameisha, shati linamning'inia mabegani. Nilidhani nitalazimika kumwambia mimi habari za Deus, lakini alikuwa ameshajua. Kuna mtu alimwandikia kwenye simu.

"Wale wadogo zake bado wapo shimoni?"

"Wapo."

"Wanachimba?"

"Kila siku. Wanasema kaka yao alikuwa karibu kufika."

"Nilikuwa natafuta gari la kunifikisha," alisema. "Nataka niwaambie."

Nilimwambia aache. Nilimwambia familia ile imebakiwa na jambo moja tu, kwamba mtu wao alikufa karibu na mali, na yeye anataka kuwanyang'anya hata hilo. Akasema, "Mvua zinakuja, mayu." Hakuwahi kuniita hivyo, kwa Kisukuma, kama mama yake. Tulimpakia mbele kwenye pikapu tuliyokuja nayo, spika nyuma, Shija akaendesha, tukapita Kahama.

Tulifika ng'ambo ya majaruba mchana. Shimo lilikuwa pana, limezungukwa na vifusi vya udongo mweusi, pampu inakohoa. Mkubwa wa wale ndugu alikuwa juu kwenye kamba. Mdogo alikuwa chini. Nilimwambia kijana huyu ndiye Profesa, naye akamwamkia kwa adabu zote, akapangusa ndoo na kuigeuza awe na pa kukaa. Profesa hakukaa.

"Kijana, mimi ndiye niliyemwambia kaka yako hapa kuna dhahabu. Nilimdanganya. Nilitaka watu watoke kilimani. Hapa hakuna kitu, wala hapatakuwa na kitu. Mtoe mwenzako."

Alilisema lote bila maiki, bila kusita. Nilisimama pembeni nikasema, "Ni kweli. Mimi ndiye niliyemwomba." Shija akasema, "Ni kweli, ndugu yangu."

Yule kijana alitutazama mmoja mmoja. Hakukasirika. Uso wake ulikunjuka taratibu, kama mtu aliyekuwa na wasiwasi muda mrefu na sasa umemtoka.

"Tumekusikia, Profesa. Wabeja sana," alimshukuru kwa Kisukuma. Kisha akainama kwenye mdomo wa duara, akamwita mdogo wake kwa Kiswahili ili sote tusikie. "Kaza! Mwenyewe amekuja mpaka hapa kutukataza."

Profesa aliomba tena. Alimshika yule kijana mabega. Alisema mambo ya miamba, ya mfinyanzi, ya maji, na kila alichosema kijana aliitikia kwa kichwa na kuendelea kuvuta kamba. Mwisho akamwachia. Alikwenda mpaka ukingoni, akapiga magoti, akaangalia ndani, akaangalia matimba, yale magogo waliyoyaweka kushikilia ukuta. Akavua koti.

"Basi gogo hili limeoza," alimwambia kijana. "Lete jingine. Na lile la upande wa pampu liinue kidogo, mwambie aliyeko chini asogee kwanza."

Nilimwelewa. Kama hawatoki, asiwaache peke yao. Shija naye alivua shati, akaenda kubeba magogo. Walifanya kazi vizuri. Ukuta ule kwa macho yangu ulianza kuonekana wa kuaminika. Profesa alikuwa ametapakaa tope mpaka kwenye mvi, anaelekeza kwa mkono, na nilimwona akitabasamu kidogo yule wa chini alipomuuliza swali.

Mimi ndiye niliyekuwa nimeelekeza uso barabarani, kwa hiyo niliwaona kwanza. Mtu mmoja aliyekuwa analima kwenye jaruba alisimama, akatukodolea macho, akaweka jembe begani akaja. Nyuma yake pikipiki mbili zilipunguza mwendo, zikakata kona. Mmoja alikuwa anaongea na simu. Kisha kwenye tuta la majaruba nikaona kundi, wanakuja kwa mstari, na makoleo.

Profesa aliinua kichwa, akafuta jasho kwa kiwiko.

"Mama Shija, hawa wanakwenda wapi?"

"Wanakuja kwako, Profesa," nikamwambia. "Wamekuona unachimba."